Pimamaji Alisema Ameteleza

Ndugu waombolezaji, majirani, mafundi wenzake marehemu, na ninyi mliokuja kusikia kwanza ndipo muamue kama mtalia, historia hii imeandikwa na bibi yake marehemu kwa mkono wake mwenyewe, mkono ulioishia darasa la tatu, na inasomwa na mjomba wake marehemu, ambaye alikuwa ameandika ya kwake, fupi na nzuri, iliyosema kwamba marehemu aliugua ghafla akafariki, bibi akaichana, na mjomba ameahidi mbele ya mkewe kwamba hii ataisoma yote bila kuruka mstari.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumatatu, tarehe 14 Oktoba 1991, saa nne asubuhi, akiwa mtoto wa kwanza na wa pekee wa binti yake bibi, na baba yake alikwenda kutafuta kazi mimba ikiwa ya miezi miwili, na mpaka leo tunaamini bado anaitafuta. Mama yake alifariki tarehe 3 Machi 1998, mtoto akiwa na miaka sita, na tangu siku hiyo alilelewa na bibi katika nyumba ile mliyotoka sasa hivi, yenye vyumba viwili na ua wa saruji, akalala kitanda kimoja na bibi mpaka miguu yake ilipoanza kumpiga bibi mateke ya mbavu, ndipo akanunuliwa godoro lake.

Alianza shule ya msingi mwaka 1999 na kumaliza mwaka 2005, hakuwa wa kwanza darasani wala wa mwisho, bali alijulikana kwa kukunja vipande vya daftari na kuvisukumiza chini ya miguu ya madawati yaliyoyumba, la kwake, la jirani yake, na hatimaye meza ya mwalimu mkuu, ambaye alimchapa kwa kuharibu daftari na hakukiondoa kile kipande. Mwaka 2008 alijiunga na chuo cha ufundi, akasomea uwekaji wa vigae, akahitimu tarehe 27 Novemba 2009, na hapo ndipo alipopata jina la Pimamaji, kwa sababu hakuachana na kile kifaa chake chenye kioo cha maji katikati, alikiweka juu ya meza, juu ya jiko, juu ya kitanda cha bibi, na siku moja juu ya bega la mjomba, akamwambia, "Mjomba, wewe umelalia upande wa kushoto, hebu sogea kidogo," na wote tuliokuwepo tulicheka isipokuwa mjomba.

Sasa tunafika mahali ambapo mjomba atataka kukohoa, asikohoe, asome.

Mwezi wa Juni mwaka 2012, marehemu akiwa na miaka ishirini, alifanya kazi katika jengo la ghorofa saba, akiwa amepiga magoti kutoka asubuhi hadi jioni, na mgongo ulipomuuma fundi mwenzake alimpa kitu cha kuvuta, akamwambia mgongo utausahau, na kweli aliusahau, akasahau na bibi, akasahau na siku za wiki. Huo ulikuwa unga, na tunautaja kwa jina lake, kwa sababu miaka saba tuliuita malaria, uchovu na mawazo, na hakuna hata siku moja uliyotuonea haya ukaondoka.

Tarehe 22 Agosti 2015 alifunga ndoa na mkewe, msusi, ambaye alidhani anaolewa na mwanamume mpole mwenye usingizi mwingi, na bibi aliyejua hakumwambia, hilo nalo liandikwe. Tarehe 9 Mei 2016 walijaliwa mtoto wa kike. Tarehe 17 Novemba 2017 mke alimbeba mtoto na mashine yake ya kukaushia nywele, akaondoka, na aliiacha saa ya ukutani tu kwa kuwa hakuiona, ilikuwa imekwisha uzwa. Zilifuata pasi, redio, mlango wa choo, na mwisho sufuria ya bibi ikiwa jikoni na chakula kinachemka ndani, jambo ambalo bibi mpaka leo hajui lilifanyikaje bila mtu kuungua. Bibi alimfungia nje, akamwambia kupitia dirishani, "Hapa si kwako tena, nenda kalale kwa huyo unayemvuta," na alilala nje ya ukuta huo huo miezi minne, bibi akisikia kikohozi chake na kukihesabu.

Aliyemtoa pale si mjomba wala bibi, ni kinyozi wa barabara ya nyuma, mnayemwona amesimama pale mwisho kwa kuwa amekataa kukaa, ambaye yeye mwenyewe alitumia unga miaka kumi na mmoja na kuacha. Alikuja na kiti chake, akakaa ukutani pamoja na marehemu siku tatu mchana, hakumhubiria, alimnyoa nywele, na siku ya nne, Jumatatu tarehe 21 Januari 2019, walikwenda pamoja kliniki, akaanza kunywa ile dawa ya maji ya kuzima kiu ya unga, inayotolewa kila asubuhi dirishani, mbele ya muuguzi, unameza anakuangalia, unafungua mdomo anautazama, unasema asante ili ajue hujaificha shavuni. Wapo waliosema mtaani kwamba amebadilisha chupa tu, teja ni teja, na bibi aliwauliza mbona mama zao wenye sukari wanajichoma sindano kila siku na hakuna anayewaita mateja, wakaenda zao, si kwa sababu walikubali, bali kwa sababu bibi alikuwa ameshika mwiko.

Jumatano na Jumamosi jioni alikwenda kwenye kikundi cha walioacha unga, chumba cha nyuma cha kinyozi, viti tisa na feni moja, na huko walikuwa na neno lao ambalo lazima mlielewe. Mtu akitumia tena baada ya kuacha, hawakusema amerudi, walisema ameteleza, wakieleza kwamba aliyerudi amekwisha fika na atakaa huko, lakini aliyeteleza anainuka. Bibi alipolisikia mara ya kwanza alisema wanaupaka uchafu poda. Lakini tarehe 10 Februari 2020 marehemu aliteleza kweli, akakutwa kwenye jengo ambalo halijaezekwa, na kinyozi akaja mlangoni akasema, "Bibi, ameteleza, tumuinue," na bibi, ambaye mdomoni alikuwa ameandaa maneno ya kumfukuza, alijikuta hana mahali pa kuyaweka, akafungua mlango. Tangu hapo neno hilo likawa la nyumbani kwetu.

Siku mbili baadaye, Jumatano tarehe 12, aliandika karatasi katika kikundi, akaibandika nyuma ya mlango wa chumba chake, akaipima kwanza isikae upande, nayo ilisema hivi: Nikiteleza, msinipigie kelele. Msiniache peke yangu. Nichukulieni simu na viatu, nisitoke. Kesho asubuhi nipelekeni dirishani. Muuguzi wa kliniki alimpa bibi kichupa cha dawa ya kuamsha, ya kupuliza puani, akamfundisha kumfunua jicho, kwamba aliyezidisha unga mboni yake huwa ndogo kama ncha ya sindano, na kwamba ukipuliza mara mbili na haamki, usikae kumtazama, huenda si unga, kimbilia hospitali. Bibi alilikariri hilo kuliko alivyowahi kukariri kitu shuleni, na kichupa kilikaa kabatini miaka mitatu, hakikufunguliwa.

Miaka hiyo mitatu marehemu alifanya kazi. Aliweka vigae katika maduka, katika zahanati, katika nyumba ya bibi, na tangu aliponyoosha sakafu yetu gololi ya mtoto wake ukiiweka chini haiendi popote. Mkewe alisikia habari, hakuamini, akawa anasimama ng'ambo ya barabara ya kliniki kila asubuhi, wiki mbili, amejifunika khanga, kumwona kama kweli anafika dirishani, na marehemu alimwona siku ya kwanza na hakugeuza shingo, akaogopa kumfukuza kwa macho. Tarehe 2 Julai 2021 mke alirudi na mtoto na mashine ya nywele.

Jumatatu iliyopita, tarehe 5 Juni 2023, marehemu alikunywa dawa yake dirishani saa moja kasoro dakika kumi, akaenda kazini, kwenye ngazi za jengo la ofisi. Saa tatu na nusu msimamizi wa mafundi alichukua simu ya marehemu, ambayo nyuma yake ilibandikwa karatasi inayosema likitokea lolote piga namba hii kwanza, akaipiga, na namba hiyo ni ya kinyozi. Msimamizi alisema, "Fundi wako ameteleza huku, amekaa kwenye ndoo, haeleweki anachosema, njoo umchukue." Kinyozi akauliza, "Ameteleza?" Msimamizi akajibu, "Si ndivyo nilivyokwambia, ameteleza," akakata simu, lori la mchanga lilikuwa getini linapiga honi.

Kinyozi alimwacha mteja kitini amenyolewa upande mmoja, akakimbia. Alimpokea marehemu getini kutoka kwa mlinzi, miguu haimbebi sawasawa, macho mazito, maneno yanagongana, na hakumuuliza kitu, kwa kuwa kikundi kinafundisha kwamba saa ya kwanza si ya maswali. Walifika nyumbani saa tano kasoro robo. Marehemu alisimama mlangoni, akamshika bibi bega, akasema, "Bibi, nimeteleza. Kichwa kinaniuma."

Bibi aliuvunja mstari wa kwanza wa karatasi pale pale. Alimpigia kelele mpaka majirani wakazima redio, akamwambia, "Miaka mitatu, mshenzi wewe, mtoto wako anaanza kuringa shuleni kwamba ana baba!" Marehemu akatikisa kichwa, akakishika kwa mikono miwili, akasema, "Siyo hivyo, bibi, nimeteleza," na bibi akamjibu, "Nimesikia, si kiziwi mimi, umeteleza, ingia ndani." Mistari iliyobaki ilifuatwa yote. Alichukuliwa simu. Alivuliwa viatu, na chini ya kiatu cha kushoto palikuwa na gundi ya vigae na maji, bado mbichi, imevutwa kutoka kisigino hadi kidoleni kama alama ya gari lililokosa breki, na bibi aliitazama, akachukua kisu cha jikoni, akaikwangua ili isichafue sakafu.

Bibi alimpigia mke simu saluni, akasema neno lile lile, ameteleza, na mke akasema hataki kumwona mpaka jioni. Wapo waliomnong'ona mke kwa hilo toka Jumanne, wamwache, aliletewa neno na bibi, na bibi aliletewa na kinyozi, na kinyozi na msimamizi, na wote watatu walilisema sawasawa.

Alitapika mara mbili. Bibi alikwisha yaona matapishi ya unga miaka mingi, akaleta ndoo na kitambaa. Alilala kwa ubavu wa kulia, uso ukutani, na bibi akainama akamfunua jicho la juu, la kushoto, mboni ilikuwa ndogo, akasema moyoni, ndiyo hiyo. La kulia lilikuwa kwenye mto. Alimuuliza mara nyingi ametumia nini na amepewa na nani, na mara moja tu, ilikuwa kama saa saba, marehemu alijibu kwa sauti ya mtu aliye chumba kingine, "Nimeteleza tu, bibi, niache nilale." Bibi akamwacha alale.

Saa nane na robo alianza kukoroma, mkoromo mpana, unakatika, unarudi, na bibi aliyemsikia akilala tangu miaka sita alijua huo si wake. Alifungua kichupa, akapuliza pua ya kwanza, akahesabu kama alivyofundishwa, hakuamka. Akapuliza ya pili. Kinyozi, aliyekuwa amerudi, alimpiga makofi ya mashavu na kumwita, Pima, Pima, na hakuna kope iliyocheza. Ndipo bibi aliposema, "Siyo unga," na akapeleka mkono nyuma ya sikio la kulia, chini ya nywele, akakuta uvimbe laini unaojaa kiganja, na alipomgeuza, mboni ya jicho la kulia ilikuwa imepanuka, jicho jeusi lote.

Gari la jirani fundi bomba lilimfikisha hospitali saa kumi kasoro robo, akaingizwa chumba cha upasuaji. Msimamizi wa mafundi alifika saa kumi na mbili jioni, kofia mkononi, akaeleza kwamba ngazi ya tatu kutoka juu ilikuwa imemwagiwa maji, marehemu amebeba boksi la vigae, kiatu kikateleza kwenye gundi, akaangukia kisogo, akainuka akicheka, akaomba akae kidogo. Alisema, "Si nilimwambia kinyozi kwenye simu? Nilimwambia ameteleza." Kinyozi alikaa chini sakafuni pale pale kwenye ukumbi wa hospitali, na muuguzi akadhani ni mgonjwa mwingine.

Marehemu alifariki dunia Jumanne tarehe 6 Juni 2023, saa tano asubuhi, kwa kuvuja damu ndani ya fuvu, akiwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, mkewe ameshika mkono mmoja na bibi mwingine. Bibi alimuuliza daktari kama angefika saa sita angepona, na daktari hakumzungusha, alisema huenda, nafasi ilikuwepo, na bibi alimshukuru kwa kutomdanganya, na hakuja hapa leo kuambiwa na mtu yeyote kwamba ilikuwa imepangwa, anayetaka kumwambia hivyo aende akamwambie mtoto wa miaka saba.

Daktari alipima damu. Ndani yake palikuwa na dawa ya asubuhi ile, ya dirishani, ambayo nayo hupunguza mboni, na hakuna kingine, hakuna unga, hakuna pombe. Cheti cha kipimo hicho bibi anacho mkononi sasa hivi, atakayetaka kukiona apite mbele baada ya mazishi, muuguzi wa kliniki yupo na atamsomea. Kwa kuwa tangu Jumanne mchana limepita mtaani neno kwamba Pimamaji aliteleza akafa, na wanaoijua lugha ya kikundi wameelewa kama bibi alivyoelewa, na wasioijua wameelezwa na wanaoijua, basi mjomba alisome hili polepole na kwa sauti: aliteleza kwa kiatu. Aliteleza kwenye ngazi, kazini, mchana, akiwa na boksi la vigae mikononi. Tangu tarehe 11 Februari 2020 hadi saa aliyokata roho ni siku elfu moja mia mbili na kumi na mbili, na hakuna hata moja aliyougusa unga.

Wanakikundi walikuja juzi kumwambia bibi kwamba wamelifuta neno hilo, hawatalitumia tena. Bibi amekataa. Neno hilo ndilo lililomfungulia mlango mwaka 2020, na mkilitupa mtasema nini, amerudi? Lakini amewaomba, na wamefanya, kila mmoja aandike mstari mwingine juu kabisa ya karatasi yake, juu ya kelele, juu ya viatu: Kwanza nipapaseni kichwa, na mniulize nimeteleza wapi.

Marehemu ameacha mke, mtoto mmoja wa kike, bibi, mjomba, na ngazi za ofisi zenye vidato ishirini na vinne, ambazo wenzake wamezimaliza Alhamisi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha upasuaji, waliohangaika na kichwa chake saa nne bila kukaa. Inamshukuru muuguzi wa dirishani, aliyemtazama mdomoni asubuhi zote hizo na hakuwahi kumwita kwa namba. Inamshukuru fundi bomba, ambaye alitumwagia mabomba yake barabarani ili gari lipate nafasi. Inawashukuru majirani, wote, na wale waliosema teja ni teja washukuriwe pia, maana wamekuja, na kufika si kazi ndogo. Inamshukuru msimamizi, ambaye hakukosea neno. Inamshukuru kinyozi, na bibi anamwambia mbele ya watu, njoo ukae, kiti chako ni hiki cha kushoto kwangu, mimi na wewe tumefanya kosa moja, hutasimama peke yako huko nyuma.

Pumzika kwa amani, mjukuu. Ulisema kweli mara tatu, na leo tumekusikia.